Baba yake Obama: Kwa nini akili nyingi hazikumwokoa na pombe

Ukitoka Magu mjini ukashika barabara ya Musoma, ukapita Lamadi, Bunda na Tarime, kisha ukavuka mpaka pale Sirari, bado hujaliacha ziwa. Ndani ya Kenya maji ni yaleyale na dagaa ni walewale. Ukisonga mbele utafika ghuba ya Winam, na kando yake kuna mji mdogo wa Kendu Bay. Karibu na mji huo, katikati ya miaka ya 1930, alizaliwa mtoto aliyekuja kuitwa Barack Hussein Obama. Siye yule aliyekuwa Rais wa Marekani. Huyu ni baba yake.

Wengi wetu tunalijua jina kwa sababu ya mtoto. Baba mwenyewe tunamsikia kwa mbali tu, kwamba alikuwa msomi, alikunywa sana, akafa kwa ajali ya gari. Vijiweni hadithi huishia hapo na hukumu hutolewa haraka: hakuwa na msimamo. Lakini aliyewahi kuishi na mlevi nyumba moja anajua swali linalobaki. Mtu mwenye akili kiasi kile, anayeona kwa macho yake jinsi pombe inavyomla kazi, ndoa na mwili, kwa nini haachi? Na yule aliyekuwa akinywa naye meza moja, mbona yeye aliacha?

Watafiti wa ubongo wamehangaika na swali hili kwa miongo mingi. Kwa muda mrefu walitafuta jibu mahali pawili, ndani ya chupa na ndani ya fuvu la mnywaji. Miaka ya karibuni wengi wao wanakiri kuna kitu walikiacha nje ya maabara, nacho ni watu wanaomzunguka huyo mnywaji. Anapendwa au ametengwa? Ana cheo au ameshushwa? Akirudi nyumbani anamkuta nani? Mambo haya hayakai nje ya kichwa, bali yanaingia na kuubadilisha ubongo wenyewe.

Kumpima marehemu ugonjwa si kazi yetu. Tutafuata maisha yake kama yalivyosimuliwa na wanawe, ndugu zake, marafiki na waandishi waliochimba historia yake, na pale sayansi inapotusaidia kuelewa tutasimama kidogo.

Mtoto wa Onyango

Baba yake, Hussein Onyango, alikuwa mpishi wa Wazungu na aliwahi kusafiri na jeshi la Waingereza. Alisilimu, akalichukua jina la Hussein. Watu wa kwao wanamkumbuka kwa mambo mawili, usafi na ukali. Vyombo vyake vilipangwa kama vya hotelini, na mtoto aliyekosea alionja fimbo. Familia ilihama kutoka upande wa Kendu Bay kwenda Nyang'oma Kogelo, katika eneo la Alego. Mama wa Barack, Akumu, hakudumu katika ndoa ile. Barack akiwa na umri wa karibu miaka 9, mama aliondoka akaacha watoto.

Katika ukoo wao inasimuliwa kwamba Barack na dada yake mkubwa waliondoka nyumbani kwa miguu kumfuata mama yao, wakatangatanga njiani na mwishowe wakarudishwa. Aliyewalea ni mke mwingine wa Onyango, Sarah, ambaye miaka mingi baadaye dunia nzima ilimjua kama Mama Sarah wa Kogelo, hadi alipofariki mwaka 2021.

Tusimame hapa. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliwauliza maelfu ya watu wazima kuhusu utoto wao: kupigwa, kuona mama akipigwa na mengine ya namna hiyo. Kadiri mtu alivyokuwa na mabaya mengi utotoni, ndivyo uwezekano wa kuwa na shida ya pombe ukubwani ulivyoongezeka. Mtoto anayeishi kwa hofu muda mrefu, mwili wake unazoea kumwaga kemikali za hatari kila wakati, na ubongo unaokua katika hali hiyo unajifunza kukaa chonjo. Ukubwani, kitu chochote kinachoizima ile hali ya chonjo kwa dakika chache kinakuwa kitamu kuliko kwa mtu mwingine. Hii haina maana kwamba kila aliyeachwa na mama atakuwa mlevi, na hapa kanda ya ziwa tunao wengi waliolelewa na bibi na wametulia kabisa. Ila watu wawili wakiinua glasi ya kwanza, si lazima glasi hiyo iwafanyie kazi moja.

Barack alikuwa na akili za kutisha. Aliingia shule ya Maseno, iliyotoa viongozi wengi wa Kenya, lakini utundu ulimzidi na aliondoka bila kumaliza. Alikwenda Nairobi akawa karani. Alimwoa Kezia, wakaanza kupata watoto. Bahati yake ikawa kukutana na mwalimu Mmarekani, Elizabeth Mooney, aliyekuwa akiendesha mpango wa kufundisha watu wazima kusoma. Obama alifanya kazi naye na kuandika vitabu vidogo vya Kijaluo kwa ajili ya wasomaji wapya. Mama huyo aliona kichwa kilichokuwa kikipotea ofisini na alimsaidia kwenda kusoma. Mwaka 1959 kijana wa ziwani alitua Hawaii.

Hapo hadithi inapaa. Alichukua shahada ya uchumi kwa miaka mitatu tu na alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora. Mwaka 1961 alimwoa mwanafunzi mwenzake, Ann Dunham, na mwezi Agosti mwaka huohuo alizaliwa mtoto ambaye angekuja kuitawala Marekani. Marafiki wa Hawaii wanakumbuka sauti yake nzito, bia, na ubishi wa siasa za Afrika usiku kucha. Alikunywa kama vijana wengine, lakini kitabu kilikuwa mbele. Mwaka 1962 aliwaacha mke na mtoto akaenda Harvard kusomea udaktari wa uchumi.

Udaktari huo hakuupata. Mwaka 1964 wakubwa wa Harvard, wakishirikiana na maofisa wa uhamiaji waliokuwa na mashaka juu ya ndoa zake, waliamua asiendelee kukaa Marekani. Barua za jambo hilo ziliwekwa hadharani mwaka 2011. Aliambiwa arudi kwao na kuiandikia huko tasnifu yake. Alirudi mikono mitupu, lakini Nairobi watu walimwita Dokta Obama, na yeye hakukataa.

Askari walioacha, na msomi aliyeanza

Kuna habari moja ya mbali inayotusaidia kuelewa kurudi huku. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliingiwa na hofu, kwa sababu askari wake wengi vitani Vietnam walikuwa wakitumia heroini. Mtafiti mmoja mwanamke, Lee Robins, alipewa kazi ya kuwafuatilia waliporudi kwao. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu kule. Kila mtu alitarajia balaa. Lakini mwaka mmoja baada ya kurudi, kati ya wale waliokuwa waraibu, ni karibu 5 tu katika kila 100 waliorudia uraibu. Wengi waliacha bila hata matibabu.

Heroini ni ileile na ubongo ni uleule. Kilichobadilika ni mahali na watu. Vietnam kulikuwa na hofu, upweke, dawa ya bei rahisi na wenzako wote wanatumia. Nyumbani kulikuwa na mama, mchumba, kazi, na majirani ambao hawakuwahi kukuona ukitumia.

Sasa geuza picha. Obama alikuwa mnywaji wa kawaida ugenini, na pombe ilimshika aliporudi nyumbani. Nairobi ya 1964 ilikuwa mji wa uhuru mpya. Vyeo vilikuwa vikigawanywa, na vingine viligawanywa baa. Vijana waliotoka ng'ambo walikutana jioni kwenye hoteli kubwa kujua nani kapata nini. Asiyekaa pale alipitwa. Obama alipata kazi kwenye kampuni ya mafuta, mwanamke mwingine Mmarekani, Ruth, alimfuata wakaoana, na nyumba na gari vilikuwepo. Jioni alikuwa mfalme wa meza. Aliagiza wiski mbili kwa mpigo ndani ya glasi moja, akimaliza anaagiza tena hivyohivyo, mpaka akapewa jina la utani la Double-Double. Alipenda kutoa ofa, na aliyekaa karibu naye hakulipa.

Mwaka 1954, kule Montreal nchini Kanada, watafiti James Olds na Peter Milner walichomeka waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya. Panya alipokanyaga kitufe, umeme kidogo uligusa sehemu fulani ya ndani, na alikikanyaga tena na tena kama mwenye wazimu. Hapo ndipo njia ya raha ya ubongo ilipoanza kueleweka. Baadaye ilijulikana kwamba kemikali moja, dopamini, ina kazi kubwa katika njia hiyo. Wengi huiita kemikali ya raha, lakini tukiieleza vizuri ni kemikali ya kuweka alama. Inauambia ubongo: hapa pana kitu, pakumbuke, rudi.

Na ubongo haukumbuki kinywaji peke yake. Unakumbuka kiti, saa, taa za baa, kelele za marafiki, na namna jina lako linavyoitwa ukiingia mlangoni. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa wiki nzima shambani bila hamu, akapita tu karibu na glosari yake ya zamani jioni, mate yakamjaa. Kwa Obama, heshima na wiski viliwekewa alama pamoja. Kwa maoni yetu hapa ndipo mtego wake ulipokuwa. Ofisini angeweza kuulizwa cheti cha udaktari, lakini baa hakuna aliyeuliza.

Kushuka ngazi

Mwezi Julai 1965 Obama aliandika makala kwenye jarida la East Africa Journal akikosoa mpango wa uchumi wa serikali, ule ulioitwa ujamaa wa Kiafrika wa Kenya. Aliuliza nani hasa atafaidika. Ukiisoma leo ni makala ya mtu mwenye akili, na pia ya mtu asiyeogopa kuwachokoza waliomzidi nguvu. Alikaa muda mfupi Benki Kuu ya Kenya, kisha akaingia shirika la maendeleo ya utalii.

Halafu ikaja tarehe 5 Julai 1969. Tom Mboya, waziri na mwanasiasa mashuhuri kutoka watu wa ziwani, alipigwa risasi Nairobi akitoka kwenye duka la dawa. Obama alikuwa ameonana naye barabarani na kuzungumza naye muda mfupi tu kabla. Alitoa ushahidi mahakamani katika kesi ya mtu aliyeshtakiwa. Miezi michache baadaye, Oktoba 1969, ziara ya Rais Kenyatta mjini Kisumu iliishia kwa risasi na vifo. Chama cha Oginga Odinga kikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Kwa Mjaluo mwenye cheo serikalini, ardhi ilikuwa imetikisika.

Mwaka 1970 Obama alifukuzwa kazi kwenye shirika la utalii. Kuna maelezo mawili. Familia ilisema aliadhibiwa kwa mdomo wake na kabila lake. Waandishi waliochunguza walikuta pia malalamiko ya kiofisi juu ya mwenendo wake. Huenda yote mawili ni kweli. Mlevi anaweza kuonewa, na anayeonewa anaweza kuwa mlevi.

Sasa tusikie habari ya nyani. Mwaka 2002 watafiti wa chuo cha Wake Forest, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio hili. Walichukua aina ya nyani wadogo ambao kila mmoja alikuwa akiishi peke yake, wakapima ndani ya ubongo wao vipokezi vya dopamini, yaani vile vijishimo ambavyo kemikali hiyo huingia kama ufunguo kwenye kufuli. Kisha waliwaweka katika vikundi. Baada ya muda, kama kawaida ya nyani, wengine wakawa wakubwa na wengine wakawa wa kunyang'anywa chakula. Walipopimwa tena, waliokuwa wakubwa vipokezi vyao vilikuwa vimeongezeka. Waliokuwa chini havikuongezeka. Na walipopewa nafasi ya kujidunga kokeini kwa kubonyeza kitufe, wa chini waliipenda sana, wakubwa hawakuvutwa nayo hivyo.

Nyani wale hawakuzaliwa tofauti. Cheo ndicho kilichobadilisha ubongo, na ubongo ndio ulioamua dawa ina nguvu kiasi gani. Binadamu si nyani, na Obama alikuwa akinywa sana hata alipokuwa juu, kwa hiyo hatuwezi kusema kufukuzwa ndiko kulikomfanya mlevi. Lakini kumshusha mtu ambaye tayari anakunywa ni kumwondolea breki wakati gari liko mteremkoni.

Kutengwa nako kuna njia yake kichwani. Mwaka 2003 watafiti wa Los Angeles waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwachezesha mchezo rahisi wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Ghafla wachezaji wengine waliacha kumrushia mtu yule mpira. Ni mchezo tu, hakuna hela wala aibu ya kweli. Hata hivyo, sehemu ya ubongo inayofanya kazi mtu anapoumia mwilini ilionyesha moto. Waswahili wanaposema neno limemchoma fulani, hawakosei sana. Na pombe, kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ni dawa ya kutuliza maumivu.

Nyumbani

Tusimfunike. Pombe ya Obama ilikuwa na watu walioilipa. Ruth na wanawe waliishi na vipigo, na mwanawe Mark ameandika juu ya jambo hilo akiwa mtu mzima. Ruth aliondoka na kudai talaka. Ajali za gari zilikuwa nyingi, na katika mojawapo rafiki aliyekuwa naye alikufa. Ajali nyingine ilimlaza hospitalini miezi mingi. Mwishoni mwa 1971 alisafiri kwenda Hawaii kumwona mwanawe, aliyekuwa na miaka 10. Alikaa karibu mwezi mmoja na kumpa zawadi ya mpira wa kikapu.

Aliporudi Nairobi miaka ilikuwa mibaya. Kazi hakuna, fedha hakuna, na wale wa ofa hawakuonekana. Auma, bintiye, alibaki naye nyumba moja. Amesimulia jinsi baba alivyokuwa akirudi usiku amelewa na kuingia chumbani kumwamsha. Hakuja kumpiga. Alitaka mtu wa kukaa naye. Alizungumza juu ya waliomsaliti, na binti, mtoto wa shule, alisikiliza kwa hasira na usingizi.

Mwaka 2018 kundi la watafiti wa Baltimore, Marekani, lilichapisha jaribio ambalo tungependa kila mtu mwenye mlevi kwake alijue. Panya walizoeshwa dawa kali za kulevya, ikiwemo heroini, mpaka wengine wakawa na dalili zote za uraibu. Kisha kila panya alipewa vitufe viwili. Kimoja kilileta dawa. Cha pili kilifungua mlango mdogo, na nyuma ya mlango kulikuwa na panya mwenzake. Karibu wote walichagua mlango. Hata waliokuwa wamezama kabisa walimchagua mwenzao wakaiacha dawa.

Ila kuna sehemu ya pili. Watafiti walipoufanya mlango uchelewe kufunguka, au waliposindikiza kufunguka kwake na maumivu kidogo ya umeme, panya wengi walianza kurudi kwenye dawa. Chupa haichelewi. Haina kinyongo na haiulizi ulikuwa wapi. Binadamu, kwa sababu nzuri kabisa, huchelewa kufungua na hufungua kwa maneno makali.

Hapa tuseme wazi, kwa sababu tunajua barua zitakuja. Mama anayefunga mlango kwa sababu anapigwa hana kosa hata moja, na hakuna sayansi inayomtaka aufungue. Mlango tunaousema si lazima uwe wa mke. Unaweza kuwa wa kaka, wa mjomba, wa kikundi cha wakulima, wa mchungaji au shehe, wa mtu anayempa kazi ya siku mbili na kumlipa vizuri akifika hajanywa.

Angalia kambi za wavuvi zetu. Kijana yuko mbali na kwao, usiku yuko majini, asubuhi ana fedha taslimu, na mahali pekee penye kiti, kivuli na watu ni kilabuni. Kule juu kwenye pamba, mwezi wa kuuza ndio mwezi wa kulewa. Serikali ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017 iliondoa pombe kali ya bei ndogo mfukoni mwa vijana, na hilo lilikuwa jambo la maana, maana urahisi wa kupata nao ni sehemu ya mazingira. Lakini kile kiti chenye watu hakikuhamishwa popote. Aliyekifuata kiti alikuta gongo.

Jambo moja la tahadhari kabla hatujaendelea. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, anayetetemeka asubuhi mpaka azimue, asifungiwe ndani aache ghafla. Mwili uliozoea unaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na wengine hufa. Apelekwe kwanza kituo cha afya, na kwa Mwanza hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili inayopokea wagonjwa wa namna hiyo. Kuna dawa za kumvusha siku zile za mwanzo. Baada ya hapo ndipo habari ya mlango inapoanza.

Hazina, na mti wa barabarani

Kwa Obama mlango mmoja ulifunguka tena. Baadaye katika miaka ya 1970 alichukuliwa kufanya kazi ya uchumi katika Wizara ya Fedha, iliyokuwa chini ya Mwai Kibaki, mtu aliyemjua tangu zamani. Si cheo cha ndoto zake, wengi aliowazidi darasani walikuwa juu yake. Lakini alikuwa na meza, mshahara, na watu waliohitaji hesabu zake. Mambo yake yalipata nafuu. Alianza kuishi na mwanamke kijana, na mwaka 1982 alipata mtoto wa kiume, George.

Nafuu si kupona. Alama zilizowekwa ubongoni kwa miaka 15 hazifutiki kwa mshahara wa mwezi, na baa zake zilikuwa palepale, kati ya ofisi na nyumbani. Wale askari wa Vietnam waliiacha heroini upande mwingine wa bahari. Yeye alipita mbele ya viti vyake vya zamani kila jioni, na mara nyingi aliingia.

Usiku wa tarehe 24 Novemba 1982 alitoka kunywa, akaendesha gari peke yake kwenye barabara ya Nairobi, akagonga mti na kufa hapohapo. Alikuwa bado hajatimiza miaka 50. George alikuwa mtoto wa miezi michache. New York, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 21 alipokea simu kutoka kwa shangazi ambaye hakuwa akimfahamu, akaambiwa baba yake amefariki. Katika kumbukumbu zake alikuwa na mwezi ule mmoja tu wa Hawaii.

Mwili ulirudishwa Kogelo na kuzikwa kwenye boma la Hussein Onyango, karibu na kaburi la mzee mwenyewe, mahali ambapo Mama Sarah aliendelea kuishi na kupokea wageni kwa karibu miaka 40 zaidi.